Wahadhiri wa Kenya na Meza Isiyo na Mwenye Mfuko

Novemba 5, 2025, wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya walikubali kurejea kazini baada ya mgomo wa siku 49. Walikuwa wakidai malimbikizo ya mkataba wa pamoja wa mishahara, yaani CBA, wa 2017 hadi 2021, na serikali ikaahidi kuwalipa shilingi bilioni 7.9 kwa awamu mbili, ya kwanza mwezi huohuo na ya pili Julai 2026. Mhadhiri aliyekuwa akifunza mwaka 2017 atakuwa basi amengoja miaka 9 kupata haki yake ya mwaka huo. Anayetaka kupima nani mkaidi, chama cha wahadhiri cha UASU au wasimamizi wa vyuo, aanzie hapo.

Kisheria, mwajiri wa mhadhiri ni baraza la chuo chake. Mabaraza hujadiliana na chama kupitia jukwaa lao la pamoja, IPUCCF, lakini nyongeza ya mshahara sharti kwanza ipitie kwa Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC), na fedha nyingi za kuilipa hutoka Hazina ya Taifa kupitia Wizara ya Elimu. Naibu chansela, ambaye ndiye msimamizi mkuu wa chuo, huketi mezani kujadili pesa ambazo hana. Anaposema kwamba hawezi kuahidi kitu, mara nyingi husema kweli, na chama kinapolalamika kuwa kimezungushwa, nacho husema kweli. Kwa maoni yangu fundo lenyewe liko hapa: mkataba hutiwa sahihi na asiye na fedha, naye mwenye fedha hufikiwa tu madarasa yakishafungwa.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo wasimamizi hawawezi kuyasukumia Hazina. La kwanza ni hesabu. Kabla ya mwafaka, upande wa serikali ulishikilia kuwa deni lililosalia lilikuwa shilingi milioni 624 tu, ilhali chama kilisema ni bilioni 7.9, zaidi ya mara 12 ya kiasi hicho. Malimbikizo ya aina hii hukokotolewa kwa kumfuata mhadhiri mmoja mmoja: cheo chake, ngazi yake ya mshahara, mwezi aliopandishwa, kiasi alichokwisha kulipwa. Rekodi hizo zimo katika ofisi za mishahara za vyuo vyenyewe. Lau zingewekwa mezani mapema, mbele ya chama na SRC, ubishi wa tarakimu ungekwisha bila mwanafunzi yeyote kupoteza kipindi.

La pili linaniuma zaidi. Chukua hati ya mshahara ya mhadhiri wa kawaida: kodi imekatwa, mchango wa pensheni umekatwa, mkopo wa chama cha akiba umekatwa. Vyuo kadhaa vimekata fedha hizo na kukosa kuzifikisha zinakostahili, na matokeo yake ni mtu kupokea barua ya kudaiwa mkopo ambao hati yake inaonyesha ameulipa kila mwezi, au kustaafu na kukuta akaunti ya pensheni ina mapengo. Fedha hiyo si nyongeza inayongoja ridhaa ya tume. Ni jasho la mtu lililokwisha hesabiwa kuwa lake.

Utetezi wa vyuo, lakini, una uzito. Kwa miaka mingi viliishi kwa karo ya wanafunzi wa kujilipia. Udanganyifu katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ulipodhibitiwa mwaka 2016, idadi ya waliopata alama za kujiunga na chuo ilishuka ghafla, karibu wote wakatoshea katika nafasi za ufadhili wa serikali, na kisima kile kikakauka. Wafanyakazi walioajiriwa enzi za neema walibaki, na mgao wa serikali haukufidia pengo. Naibu chansela aliyerithi hali hiyo hupaswa kuchagua kila mwezi alipe nini na aahirishe nini, na sidhani wengi wetu tungechagua bila kumuumiza mtu.

Chama nacho hakikosi dosari. Mgomo humwangukia kwanza mwanafunzi, ambaye hakutia sahihi chochote: kodi ya chumba inaendelea kulipwa, mahafali yanasogea, na wiki saba zilizopotea hufidiwa kwa vipindi vya haraka haraka ambavyo hakuna mhadhiri makini anayeweza kuviita ufundishaji. Tena, sauti ya wahadhiri wa muda, wanaobeba sehemu kubwa ya madarasa na kungoja malipo yao muhula baada ya muhula, husikika kwa mbali sana katika madai haya. Chama kilichokataliwa usajili na serikali ya Rais Moi katika miaka ya 1990, kikasajiliwa hatimaye mwaka 2003, kinajua uchungu wa kuachwa nje ya mlango.

Mkataba unaofuata ni wa 2025 hadi 2029. Ningependa kuona chama kikidai kwanza, kabla ya asilimia yoyote ya nyongeza, kwamba Hazina itie sahihi kama mhusika, kwamba kila chuo kiambatanishe hesabu ya mishahara iliyokaguliwa, na kwamba tarehe za malipo zifuate mwaka wa bajeti. Bila hayo, wasimamizi watarudi mezani mikono mitupu kama zamani, na wahadhiri watabaki na karatasi moja tu inayoweza kumwita mlipaji, nayo ni notisi ya mgomo ya siku saba.