Msimbo wa Mashine Kuukuu: Utunzwe au Ung'olewe?

Desemba 2012, Linus Torvalds, muasisi wa mfumo endeshi wa Linux, aliridhia kuondolewa kwa msimbo wote wa kuhudumia prosesa ya Intel 386 kutoka kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo. Ni prosesa iyo hiyo aliyoanza kuiandikia Linux mwaka 1991, na hakuililia. Ufyekaji haujakoma. Itanium, prosesa nyingine ya Intel, iling'olewa katika toleo la 6.7 la kerneli, takriban mistari 65,000, na Agosti 2025 Debian 13, mfumo kamili unaojengwa juu ya Linux, ikaacha kutoa kisakinishi cha kompyuta za kawaida za biti 32, kizazi kilichotangulia zile za biti 64.

Mkazi wa Nairobi ana haki ya kuguna. Mji huu unanunua kompyuta zilizotumika, zile za ex-UK (zilizotumika kwanza Uingereza) zinazopangwa madukani Luthuli na Moi Avenue, na Linux ndiyo huipa pumzi mashine ambayo Windows imeikataa. Wanaotetea msimbo wa zamani huuliza: ikiwa upo na unafanya kazi, unamla nani?

Unawala watunzaji. Mtu akibadilisha jinsi kerneli inavyogawa kumbukumbu, lazima ahakikishe kila aina ya prosesa bado inaenda sawa. 386 ilikosa agizo ambalo prosesa zilizoifuata hutumia ili kazi mbili zisigongane zikiandika mahali pamoja, basi ikabidi itengenezewe njia yake ya pembeni miaka yote hiyo. Isitoshe, msimbo usiojaribiwa na mtu huficha matundu. Baada ya kasoro ya Heartbleed kugunduliwa mwaka 2014 ndani ya OpenSSL, programu inayosimba mawasiliano ya mtandaoni, watu wa OpenBSD, mfumo endeshi mwingine, waliichukua OpenSSL wakafyeka takriban mistari 90,000 katika wiki ya kwanza, na toleo lao, LibreSSL, likazaliwa. (Heartbleed yenyewe ilitoka kwenye msimbo wa toleo la 2012, kwa hivyo uzee peke yake si hatia.)

NetBSD, mfumo endeshi ambao bado unaihudumia VAX, kompyuta ya tangu miaka ya 1970, ina jibu zito zaidi kuliko huruma: mashine za ajabu hufichua makosa. Programu iliyoandikwa kizembe inaweza kwenda vizuri kwenye laptopu ya kawaida, kisha ikaanguka kwenye mashine inayopanga baiti kwa mpangilio wa kinyume.

Hata hivyo, kwa Nairobi naegemea upande wa wafyekaji. Laptopu nyingi za ex-UK leo ni Core i3 au i5, zote biti 64. Kinachozichosha ni kivinjari kwenye kumbukumbu ya GB 4. Nitakachopinga ni kuondolewa kwa draiva (programu zinazoendesha vifaa) za kadi za Wi-Fi na printa za zamani, maana hizo bado zinatumika mjini.

Tatizo ni kwamba watunzaji, kabla ya kuondoa kitu, huuliza kama kuna anayekitumia, na kimya huhesabiwa kuwa idhini. Fundi wa Luthuli mwenye rafu nzima ya mashine hizo anaweza kusakinisha toleo la majaribio la kerneli, ambalo hutoka karibu kila wiki, kisha akatuma ripoti ya kilichoharibika na kwenye mashine gani.