PhD ya sanaa kwa ushirika: sawa, ila mpini kashika nani?

Hii hoja ya vyuo kuungana kufundisha PhD za sanaa na media nimebishana nayo sana na washkaji, na kiukweli wanaoitaka wana la kusema. PhD ya upweke, we na msimamizi mmoja ambaye kila ukimtafuta yuko safarini, imewachosha wengi mpaka wakaacha njiani. Watu wa afya walishaliona hilo, kuna CARTA, mpango wa vyuo vya Afrika kufundisha PhD kwa pamoja, ilianza 2008 chini ya APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu cha Nairobi, na chuo cha Wits cha Afrika Kusini, wanachukua watu toka vyuo kama Makerere, Moi na Nairobi wanawapitisha pamoja kwenye semina nne, toka utafiti ukiwa bado wazo tu, kwa hiyo ukikwama una wenzio wa kukushika mkono. Sanaa je? Makerere inafundishwa tangu mwalimu Margaret Trowell alipoanza 1937, Dar wana idara yao, Bagamoyo kuna TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni iliyotokana na chuo cha sanaa cha 1981, lakini anayetafiti filamu Dar anaweza kumaliza bila kukaa meza moja na mwenzie wa Kampala.

Sasa shida. Watu wa afya wakikutana angalau wote wanaelewana kwenye takwimu, we mkalishe mchoraji, mpiga ngoma na mtu wa dokumentari kwenye semina moja ya mbinu za utafiti uone, mwisho wataandika vitu vinavyofanana ili wapite. Halafu hela. Uingereza baraza lao la utafiti wa sanaa, AHRC, linafadhili PhD ambazo chuo kinashirikiana na makumbusho, na mara nyingi mada inatangazwa kabla mwanafunzi hajapatikana. Unapata nyaraka, unapata watu, sawa, ila swali sio lako. Huku kwetu mshirika akiwa kituo cha TV, stoo yake ya kanda za zamani ni dhahabu, lakini atakuachia uandike habari zipi zilikatwa na nani alipiga simu zikatwe? Mi sidhani.

Ila kinachonikera zaidi ni usimamizi, maana kanuni za vyuo vingi zinataka msimamizi awe na PhD. Kwa hiyo unatafiti muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, na yule mama wa Dodoma aliyekufundisha mikono ikae wapi anaishia kuwa "mhojiwa namba 4" kwenye kiambatisho, wakati profesa ambaye hajawahi kuigusa ndo anasaini. Ushirika wa vyuo vitatu bila kugusa hapo ni kuongeza vikao tu na chai.

Mi ningeanza kidogo, vyuo vitatu vya hapa hapa jirani, wanafunzi sita, onyesho lihesabiwe kwenye mtihani pamoja na tasnifu, na kila semina awepo mtu wa jukwaani kama mwalimu kamili, analipwa posho ile ile ya profesa. Kwenye posho ndo kesi itaanzia.