Jini Mililita Sitini, Yai Moja, Marashi Matone Matatu

Mimi tatizo langu ni mdomo. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, karudi likizo kutoka Uingereza mwezi wa nne. Amekaa kibarazani kwetu Temeke, mvua inapiga bati, anasema kwa kudeka: "Yaani saa hizi kule ni springi, watu wako nje wanakunywa kokteli za maua na matunda. Huku hakuna vitu hivyo." Mwanaume mwenye akili timamu angesema pole shemeji, akamwagizia soda. Mimi nikasema: "Hicho tu? Jumamosi nakutengenezea hapahapa."

Tuanze na hiyo springi yenyewe. Wenzetu Machi hadi Mei ndiyo majira yao ya kuchipua: baridi inaondoka, miti inavaa majani, watu wanavua makoti. Sisi Machi hadi Mei ni masika. Kinachochipua Dar es Salaam mwezi wa nne ni ukungu kwenye viatu vya ngozi. Jangwani maji yakijaa barabara inafungwa, daladala inazungushwa vichochoroni mpaka konda anawauliza abiria tuko wapi. Kwa hiyo hicho kinywaji cha kufurahia jua nilikiandaa nikiwa nimetega ndoo tatu sebuleni kukinga matone.

Shemeji akanitumia maelekezo kwenye simu. Jini mililita 60. Likeri ya ua la elda. Maji ya limau mililita 30. Sirapu. Ute wa yai moja. Tunda la msimu. Ua la kupamba juu. Nikayasoma mara mbili, nikasema haya si mapishi, haya ni masharti ya mganga.

Elda ni kijimti cha Ulaya, kina vijiua vyeupe vidogo vidogo vinavyonukia, na vinatoka kwa wiki chache tu kwa mwaka. Likeri yake, yaani pombe tamu yenye harufu ya hayo maua, inayojulikana zaidi inaitwa St-Germain, ya Ufaransa, iliingia sokoni mwaka 2007. Hiyo sikuikuta. Nilikuta nduguye, kwenye duka moja la Masaki ambalo kiyoyozi chake tu kilishanieleza kwamba nimepotea njia. Nikaishika chupa, nikasoma bei, nikairudisha rafuni polepole kama baba anayelaza kichanga kilichosumbua usiku kucha. Dada wa kaunta akaniuliza, "Nikufungie, kaka?" Nikamwambia nasubiri mshahara. Sikumwambia mishahara mingapi.

Sirapu nayo nimeitafuta siku mbili. Naingia maduka, natoka. Jioni namweleza mke wangu kwamba kuna kitu kinaitwa sirapu, sukari na maji sawa kwa sawa, unachemsha mpaka sukari iyeyuke, unaacha ipoe. Akanitazama kwa huruma. "Baba watoto, hiyo si shira? Si ndiyo tunayochovyea kaimati kila Ramadhani?" Nauli ya siku mbili, kwenda kutafuta shira.

Jini nilijua pa kuipata: Konyagi, chupa ndogo, dukani kwa Mangi. Najua wajuzi watanivamia kwamba Konyagi ina asilimia 35, na jini kwa sheria za Ulaya isipungue 37.5. Sawa. Hizo mbili na nusu nitazifidia kwa kutikisa.

Likabaki suala la ua. Mke wangu, ambaye hadi hapo alikuwa amekataa kuhusishwa, akasema kama kinachotakiwa ni harufu ya maua, mbona mama mwenye nyumba ana marashi ya mawaridi, yale halisi anayoyatia kwenye kashata. Kaombe matone matatu.

Hapa ndipo kesi ilipoanzia.

Nikavuka ua, nikapiga hodi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mnaendeleaje?" Nikamwambia hatujambo, naomba marashi kidogo. "Ya nini?" Kabla sijajibu, mke wangu akapaza sauti kutoka jikoni, na ile nyumba ya vyumba sita ina masikio sita: "Baba watoto! Jini tayari, yai nishalipasua! Bado hayo marashi na ua tu!"

Kimya. Hata mvua nadhani ilipunguza.

Mama mwenye nyumba akashusha miwani. "Jini wa wapi?"

Ningesema ni pombe, ananijua mimi ni msimamizi wa kwaya na mama wa watu ni mswalihina. Ningekaa kimya, ndiyo kukiri. Nikachagua jibu ambalo hadi leo sijui lilitoka wapi: "Wa dukani, mama. Yumo kwenye chupa."

Alinipa marashi. Chupa nzima. Akaniegemea sikioni: "Usimpe yote siku moja, atazoea."

Nikarudi jikoni na aibu yangu, kazi ikaendelea. Kipimo sina, nikatumia kile kikombe cha dawa ya kikohozi ya mtoto, kinachoishia mililita 10. Sitini ni mara sita, na ukisemeshwa katikati unaanza upya. Mimi nilisemeshwa mara mbili, kwa hiyo glasi ya kwanza siwezi kuapa mbele ya hakimu ilikuwa na ngapi. Limau hakuna, nikakamua ndimu. Tunda nikachukua pasheni, kwa sababu maembe yalishapita na stroberi nilizoziona zilikuwa nane kwenye kiboksi, zimepangwa kama dhahabu ya sonara.

Ute wa yai ulizua kikao. "Yai bichi? Kwenye glasi ya mgeni?" Nikaeleza kwamba kazi yake ni povu tu: unatikisa kwanza bila barafu ili ute upande, halafu unaweka barafu unatikisa tena ipoe. Mke wangu akasema povu hata sabuni inatoa. Kitikisio sina, nikatumia chupa ya chai. Nimetikisa mpaka bega la kulia likaanza kunikumbusha umri.

Barafu sasa. Umeme ulikatika tangu asubuhi, friji ni kabati. Kijana wa jirani akaniletea bonge, nikalivunja kwa mchi, nikashukuru. Nilikuja kugundua baadaye, pua ilipokaribia glasi, kwamba barafu ile ilitoka soko la samaki la Feri na ilikuwa na historia na kibua.

Ua la kupamba nikaenda kuchuma kwenye uzio, lile la pinki zuri linalochanua mwaka mzima. Mke wangu alinipiga kofi la mkono. Kumbe ni oleanda, sumu kuanzia jani mpaka ua, mbuzi wenyewe wanalijua wanapita mbali. Angalieni, huyo shemeji karibu arudi Uingereza kwenye shehena. Tukaweka asumini, kiua kimoja, kinaelea juu ya povu. Na wallahi ilipendeza. Njano ya pasheni, povu jeupe, asumini katikati. Nilisimama pale mlangoni nimeshika ile glasi, ndoo zinadondoka tiki tiki nyuma yangu, nikajiona mtu wa Masaki.

Shemeji akanusa, akafumba macho, akanywa funda moja. Povu likambaki juu ya mdomo kama babu.

"Mmh. Tamu, shemeji." Akatafuta neno. "Ina... bahari."

Nikawa namweleza kuhusu barafu, mara hodi. Mama mwenye nyumba, kajitanda kanga, mkononi chetezo, moshi wa ubani umemtangulia kuingia. "Nimefikiria, mwanangu. Marashi peke yake hatulii." Akazunguka sebule yote, akafukiza hadi kwenye ndoo. Shemeji kaganda na ua lake la asumini kwenye glasi, na mama wa watu akilitazama lile ua anatikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyeona kipimo kikathibitisha.

Mke wangu ndiye aliyetuokoa. Alikuwa amewatengenezea watoto jagi lao bila yai, bila Konyagi, bila barafu ya kibua: pasheni, ndimu, shira na marashi. Akammiminia mgeni. Mama akanywa, akanyamaza, akasogeza glasi iongezwe. "Sharubati hii bibi yangu alikuwa akitufuturishia. Mmeijulia wapi nyie?" Nikamwambia Uingereza. Akacheka mpaka chetezo kikayumba. Alikunywa glasi tatu, jagi likaisha. Shemeji naye akaniomba, kwa adabu sana, kama naweza kumtuma mtoto dukani akamletee soda ya tangawizi.

Nikadhani yamekwisha. Mama anavaa kandambili pale mlangoni, akageuka.

"Bili ya maji mwezi huu kila chumba kinalipa kwa vichwa. Nyie nimewaandika sita."

"Mama, sisi tuko watano."

Akaitazama chupa ya Konyagi mezani.

"Na yeye si anaoga?"