Rufaa au msamaha? Njia ya kurudi kwa mhariri aliyefungiwa Wikipedia

Katika sheria za Tanzania, rufaa na msamaha hupita milango miwili tofauti. Mtu aliyetiwa hatiani na mahakama ya wilaya hapa Dodoma, akiamini kwamba hukumu ilikosewa, hukata rufaa Mahakama Kuu na kudai kwamba hakutenda kosa au kwamba ushahidi haukutosha, wala hakuna jaji atakayemtaka ajute kwanza ndipo asikilizwe. Msamaha wa Rais, ule wa Ibara ya 45 ya Katiba ambao mara nyingi hutangazwa tarehe 26 Aprili au 9 Desemba, hauulizi kama hukumu ilikuwa ya haki. Humwachia tu mfungwa au humpunguzia adhabu. Wikipedia imeifanya milango hii miwili kuwa mmoja, na utata wa rufaa ya mhariri aliyefungiwa bila kikomo unaanzia hapo.

Bila kikomo si milele. Maana yake ni kwamba tarehe ya kufunguliwa haijapangwa. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, aliyefungiwa huandika ombi katika ukurasa wake wa majadiliano, na mkabidhi mwingine (mkabidhi ni mhariri wa kujitolea mwenye mamlaka ya kufunga na kufungua akaunti), si yule aliyemfungia, hulipitia. Aliyepigwa marufuku na jumuiya nzima hawezi kufunguliwa na mkabidhi mmoja kwa uamuzi wake. Mwongozo wa maombi hayo unamtaka mwombaji aonyeshe kwamba anaelewa sababu ya kufungiwa, aahidi kutorudia, na asitumie ombi lake kuwashutumu wengine.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Kufungiwa, kwa mujibu wa kanuni za Wikipedia yenyewe, si adhabu bali ni kinga ya kamusi elezo, kwa hiyo swali la msingi si kosa la jana bali uwezekano wa kosa la kesho. Mtu aliyenakili maandishi yenye hakimiliki, au aliyejaza makala za kata zetu kwa tafsiri za mashine ambazo hakuzisoma hata yeye, hana cha kubishania. Kazi yake imebaki wazi katika historia ya kila ukurasa. Kwake upo utaratibu wa kusubiri miezi sita bila kuhariri kwa akaunti nyingine yoyote, kisha kuomba upya. Naona huo ni ukarimu ambao taasisi nyingi hazina, hasa kwa kuwa katika miezi hiyo anaweza kuandika kwenye Wikipedia ya lugha nyingine na kujijengea rekodi njema.

Mambo hubadilika pale tuhuma inapokuwa ya akaunti bandia, yaani mtu mmoja kujifanya wawili. Chukulia wanafunzi wawili wanaoishi bweni moja katika Chuo Kikuu cha Dodoma, wanaotumia mtandao mmoja na simu za aina moja, na ambao wiki moja wanahariri makala ya michoro ya miambani ya Kondoa. Wakaguzi wa akaunti, yaani wahariri walioruhusiwa kuona kumbukumbu za kiufundi za akaunti, wataona anwani moja ya IP (namba ya muunganisho wa mtandao), vifaa vinavyofanana na mada ileile. Ukaguzi wao haukosi msingi, lakini mwanafunzi asiye na hatia amenaswa: akikiri amesema uongo, akikana ataambiwa bado haelewi kosa lake. Kusubiri nako kunamwumiza, kwa sababu kumbukumbu za kiufundi za ukaguzi kwa kawaida hufutwa baada ya siku 90, na miezi sita ikitimia hakuna cha kukaguliwa upya. Na akifungua akaunti nyingine kwa hasira, tuhuma iliyokuwa ya uongo inakuwa kweli.

Wakabidhi watajibu kwamba wanaokana kwa uongo ni wengi, na kwamba wao ni watu wa kujitolea, si mahakimu wenye mshahara. Ni kweli. Hata hivyo, wingi wa waongo ni sababu ya kuukagua ushahidi mara ya pili. Haugeuzi kukana kuwa dalili ya hatia.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina ugumu wake. Wakabidhi ni wachache, hakuna Kamati ya Usuluhishi, yaani chombo cha juu cha kuamua migogoro ya wahariri, kama ile ya Kiingereza, na atakayesoma ombi huenda amefanya kazi kwa miaka na yule aliyefunga akaunti. Uchache huo una faida moja, nayo si ndogo: mkabidhi anayeijua nchi hahitaji kuelezwa kwamba bweni zima linaweza kutumia kifurushi cha simu moja.

Kwa maoni yangu, fomu ya ombi ingepaswa kumtaka mwombaji achague tangu mwanzo: anapinga uamuzi, au anaomba kurudi. Anayepinga apimwe kwa ushahidi, na anayeomba apimwe kwa ahadi na mwenendo wake. Kwa sasa, asiye na hatia na awasilishe ombi mapema, kabla siku 90 hazijapita, aeleze mtandao anaoutumia, watu anaoishi nao na saa alizohariri, bila kumtaja mkabidhi kwa ubaya, na aombe wazi kwamba ukaguzi urudiwe na mtu mwingine.