Seva ya Java ikizimika: tuongeze memori au tusake kinachoijaza?

Mwezi wa saba Arusha ni mwezi wa wageni, na ndio mwezi ambao seva ya kampuni moja ya utalii hapa mjini iliamua kudondoka kila siku. Saa tisa alasiri, watu wa Ulaya wakiwa ndio kwanza wametoka kula mchana na maombi ya bei yanamiminika, kimya. Kwenye logi mstari ni uleule: java.lang.OutOfMemoryError: Java heap space. Yaani hipu, sehemu ya memori ambamo Java huweka vitu vya programu, imejaa na hakuna cha kufagia.

"Mwanangu, si uongeze tu hiyo memori?" mama mwenye kampuni aliniuliza. "Wageni wangu wanahamia kwa wenzangu."

Chalii aliyeiandika programu, ambaye siku hizi yuko Moshi, alikuja juu kwenye simu: "Kaka, ukiongeza unaficha ugonjwa. Nipe wiki mbili niipekue."

Mimi nilianza upande wa mama. Usipoiambia Java kiwango, kwa kawaida hujiwekea kikomo cha hipu cha robo ya RAM ya mashine. Seva ile ilikuwa na GB 8 na hakuna aliyewahi kuandika -Xmx, amri ya kuweka kikomo hicho, hivyo hipu iliishia GB 2. Kuiacha ife njaa kwenye nyumba yenye chakula, eti tunalinda usafi wa kazi, ni ukaidi tu. Tena zipo programu ambazo kweli zina mzigo mkubwa. Kuna chama cha kuweka na kukopa cha Moshi kilichokuwa kikikwama kila kinapotoa ripoti ya mwaka. Tuliipandisha hipu kutoka GB 1 hadi 3, na tatizo likaisha jumla. Hapakuwa na ugonjwa wowote pale. Ripoti ilikuwa kubwa, basi.

Tatizo la upande huu ni uroho, na uroho ulikuwa wangu. Niliandika -Xmx7g, nikaenda zangu kunywa chai. Kesho yake seva ikafa vibaya zaidi: hakuna kosa la Java, logi imekatika katikati ya sentensi. Aliyeiua ni Linux yenyewe, mfumo endeshi wa mashine, RAM ilipoisha, na alijiandika kwenye dmesg, logi ya mfumo huo. Nilisahau kwamba hipu si memori yote ya Java. Kila uzi (thread) unaoendesha kazi hutengewa rafu yake (stack), yaani kipande chake cha memori, kwa kawaida hadi MB 1 kwenye Linux ya biti 64; maelezo ya madarasa (classes) ya programu hukaa nje ya hipu tangu Java 8; na juu ya hayo, hifadhidata ilikuwa kwenye mashine hiyohiyo. Nikashusha hadi GB 5.

Hapo ndipo yule chalii alipoanza kunishinda. Seva haikupona. Ila badala ya kudondoka kila siku, ilidondoka kila baada ya siku mbili na nusu hivi. Piga hesabu: hipu imekua mara mbili na nusu, uhai wake nao umekua mara hiyohiyo. Mzigo halali haufanyi hivyo. Hutulia ukishapata nafasi. Kinachokula kwa kasi ileile mpaka kigonge ukuta ni uvujaji: programu inashikilia vitu isivyovihitaji tena.

Grafu ilisema hayohayo. Hipu yenye afya huchora meno ya msumeno: inajaa, mfagiaji wa Java anayeondoa vitu visivyotumika anapita, inashuka palepale ilipokuwa. Yetu ilikuwa kama barabara ya kutoka Himo kwenda Marangu. Unashuka kidogo, unapanda, lakini kila bonde liko juu kuliko lililopita.

Hata hivyo wasaka uvujaji nao huongea kama vile muda ni bure. Wiki mbili za Julai kwa kampuni ya safari si wiki mbili za Aprili, mvua zikinyesha. Kwa hiyo tuliishi na suluhisho la aibu: kuiwasha upya kila saa tisa usiku, saa ambayo Marekani bado ni jioni na kuna watu wanatafuta vyumba. Silionei haya. Lilitununulia siku.

Katika siku hizo tuliwasha -XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError, inayoiamuru Java iandike hipu yote kwenye faili ikijaa, tukazuia ule uwashaji wa usiku mara moja, tukaiacha ijaze yenyewe. Ilituachia faili la karibu GB 5. (Faili hilo lilikuwa na namba za pasipoti za wageni waziwazi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, usilitume WhatsApp.) Ndani yake, sehemu kubwa ilishikwa na kitu kimoja: orodha ya kutunza matokeo ya kila utafutaji ili mteja wa pili ajibiwe haraka. Ufunguo wake, yaani jina la kutafutia kila tokeo, ulijumuisha saa, dakika na sekunde ya utafutaji. Hivyo hakuna mteja wa pili aliyewahi kuyakuta, na hakuna aliyeyafuta. Chalii alitoa muda kwenye ufunguo na kuweka kikomo cha matokeo 1,000. Ilimchukua siku nne, si wiki mbili.

Sasa mabonde ya grafu yanatulia kwenye MB 900. Nilipomwonyesha mama, aliitazama kwa muda.

"Kwa hiyo zile mbili za mwanzo zingetosha?"

"Zingetosha, mama."

"Basi iache hapohapo kwenye tano."