Msiwasingizie akina Jeanne

Juzi rafiki yangu alinitumia video ya historia ya Ufaransa. Msimulizi ana sauti tamu na ramani zake zimepangwa vizuri, nikatulia nikasikiliza. Alipofika Bretagne, utemi wa pwani ya kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, karne ya 14, akasema vita vile vya miaka 24 huitwa Vita vya Akina Jeanne Wawili, kwa sababu wanawake wawili walishindwa kuelewana. Nikazima simu. Hadi sasa moyo haujapoa.

Jina hilo lipo, Wafaransa wenyewe wanalitumia. Ninachokataa ni hiyo "kwa sababu".

Jean wa Tatu, mtemi wa Bretagne, alifariki Caen tarehe 30 Aprili 1341. Alioa mara tatu na hakujaliwa mtoto. Mdogo wake wa baba mmoja mama mmoja, Guy, alikuwa ameshatangulia mwaka 1331, akaacha binti: Jeanne wa Penthièvre. Upande wa pili alikuwapo Jean wa Montfort, mume wa Jeanne mwingine, na mtoto wa baba yao kwa mke wa pili, Yolande. Mtemi alimchukia mama huyo wa kambo kiasi cha kutaka ndoa ya baba yake ibatilishwe, ili watoto wa Yolande wakose uhalali. Hakufanikiwa. Alikuwa na miaka kumi mizima tangu kifo cha Guy ya kulimaliza suala la mrithi, limalizike kweli, pasibaki mwenye neno. Akafa nalo. Mnaotafuta wa kumlaumu, anzieni kwake.

Kesi ikaenda kwa mfalme wa Ufaransa, Philippe wa Sita, na hukumu ikatoka Conflans, Septemba 1341. Montfort alidai kwamba tangu 1297 mtemi wa Bretagne amehesabiwa miongoni mwa wakuu wa taji, kwa hiyo kiti chake kifuate utaratibu wa taji: mwanamume kwanza. Upande wa Jeanne wa Penthièvre ulisema desturi ya Bretagne inajulikana: mzazi akifa, mtoto wake huketi mahali pake, awe wa kiume au wa kike. Mfalme akampa haki Jeanne.

Sasa mtazameni huyo hakimu. Philippe alikalia kiti cha Ufaransa mwaka 1328 kwa hoja kwamba taji halipitii kwa mwanamke. Hoja hiyo ndiyo iliyomzuia Edward wa Tatu wa Uingereza, ambaye mama yake, Isabelle, alikuwa binti wa mfalme wa Ufaransa. Miaka 13 baadaye Philippe yuleyule anampa mwanamke Bretagne. Nini kimebadilika? Mume wa Jeanne, Charles wa Blois, alikuwa mtoto wa dada yake. Na Edward, aliyekuwa amejitangaza mfalme wa Ufaransa mwaka 1340 kwa haki ya mama yake mzazi, akatuma meli na askari kumsaidia Montfort, mtu anayesema mwanamume ndiye wa kutangulia! Kila mmoja aliivua hoja yake nyumbani akavaa ya mwenzake alipovuka mpaka wa Bretagne. Mimi hapo sioni sheria. Naona wafalme wawili wanaotafuta bandari na ngome kwenye ncha ya bahari, na sheria wanaiokota njiani.

Na Montfort naye! Ukoo wake ulipataje utemi huo? Bretagne iliwahi kuwa mikononi mwa Constance, aliyefariki 1201, kisha ikamfikia binti yake Alix. Pierre wa Dreux aliingia kutawala kwa sababu alimwoa Alix mwaka 1213. Montfort ni kilembwe cha Alix. Asingekuwapo mwanamke aliyerithi, yeye asingekuwa na cha kugombea. Nikilifikiria hili namkumbuka shangazi yangu, aliyeuguza babu hadi pumzi ya mwisho, halafu kwenye kikao cha mirathi akaambiwa apeleke chai ndani. Mgogoro ulipofika mahakamani, nilisikia kwa masikio yangu: "Wanawake ndio wameuharibu ukoo huu." Hakuwa amefungua mdomo.

Akina Jeanne waliingiaje vitani? Waume zao walitekwa. Montfort alinaswa Nantes, Novemba 1341, akafungiwa Louvre. Mkewe, Jeanne wa Flandre, akabaki na mtoto wa miaka miwili hivi na jeshi lililokata tamaa. Mwaka 1342 akazingirwa Hennebont. Simulizi za zama zile zinasema aliwaambia wanawake wa mji wapunguze magauni yao, wang'oe mawe ya barabarani, wayapandishe ukutani pamoja na vyungu vya chokaa. Mwenyewe akapanda mnarani, akaona kambi ya adui imebaki tupu kwa kuwa wote wako kwenye mashambulizi, akatoka na wapanda farasi kama 300, akaitia moto. Mumewe alikufa mwaka 1345. Zamu ya Jeanne wa Penthièvre ikaja 1347: Charles alitekwa La Roche-Derrien, akawa mateka wa Waingereza kwa miaka tisa, na mkewe akaushika utemi.

Nakiri moja, kwa shingo upande. Mwaka 1363, pale Évran, yalikaribia kupatikana makubaliano ya kuigawa Bretagne, na inasimuliwa kwamba Jeanne wa Penthièvre ndiye aliyekataa. Sawa. Lakini mali ilikuwa yake. Mwaka uliofuata Charles aliuawa Auray, na Aprili 1365 huko Guérande Jeanne alitia muhuri mkataba uliompa kiti mtoto wa Montfort, ukaweka kwamba maadamu ukoo huo una mwanamume, mwanamke harithi. Mwana wa kiume wa Jeanne huyo, aliyewekwa rehani Uingereza, alikaa huko zaidi ya miaka 30. Mama alikufa 1384 bila kumwona akirudi. Hata hivyo, mfalme wa Ufaransa alipotaka kuimeza Bretagne, Jeanne huyu alisimama na Wabretoni waliomrudisha mpinzani wake, yule mtoto wa Montfort, mwaka 1379.

Na yule wa Hennebont? Mwaka 1343 Edward, rafiki yake wa vita, alimweka ngome ya Tickhill, Uingereza, chini ya walinzi. Kwa muda mrefu vitabu viliandika kwamba alirukwa na akili, ingawa ushahidi wa wazimu huo haujaonekana. Faida ya Edward ndiyo inayoonekana: mama akiwa kifungoni, mtoto akilelewa mikononi mwake, Bretagne ilikuwa yake kuichezea. Mtoto huyo alikua, akashinda Auray, akawa mtemi. Kumbukumbu za mwaka 1374 bado zinamtaja mama yake, yu hai, yuko Uingereza. Hakurudishwa Bretagne.