Mama abarikiwe tangu ujauzito

Hongera kwa habari niliyoisoma ya Waarmenia, Wakristo wenye asili ya Armenia, kuwabariki akina mama kanisani tarehe 7 Aprili. Siku hiyo kwao ni sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari na malaika, miezi 9 kabla ya 6 Januari, wanapoadhimisha kuzaliwa kwa Yesu. Ndiyo maana hata wajawazito huombewa, jambo lililonigusa mno.

Tena hawa ni akina mama wa taifa lililoonja machungu. Mwaka 1915 bibi zao waliswagwa na utawala wa Kituruki wa Waosmani kwa miguu hadi jangwa la Siria, wengi wakafa njiani na watoto mgongoni. Waliosalimika wakalea wana wao katika miji ya Aleppo (Siria) na Beirut (Lebanoni) kwa lugha na sala zilezile. Mapadri wetu, waiteni wajawazito mbele ya altare nao wabarikiwe!